Jangwa la Namib: maswali yenu kuhusu mchanga

Tangu niwagusie jangwa la Namib, kule Namibia, maswali yamekuwa mengi, leo najibu manne.

Dada, jangwa lipo ufukweni kabisa, mvua inakosekanaje? (Tabata)
Bahari zinatofautiana mdogo wangu. Hii yetu ya ufukwe wa Coco hapa Dar ni ya moto, inatoa mvuke mwingi, masika ikifika mtaa wetu wa Jangwani panafurika tunahangaika na mabasi. Kule Atlantiki kuna mkondo wa Benguela, maji ya baridi kweli kweli, hewa ya juu yake inapoa haipandi kutengeneza mvua, inabaki ukungu tu. Ila huo ukungu ndo uhai wa pale yani!

Sasa wanyama wanakunywa nini? (Mbagala)
Hapa ndo napapenda mno. Kuna mbawakawa, kadudu keusi, alfajiri kanapanda hadi juu ya kilima cha mchanga kanainamisha kichwa kanainua mgongo kwenye upepo, ukungu unagandia mgongoni unakuwa matone, matone yanateremka yenyewe mpaka mdomoni. Nyoka nae analamba matone kwenye magamba yake mwenyewe. Choroa, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu, anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa, maji anayapata kwenye majani na matikiti pori, na jua likiwaka sana damu inayoenda kwenye ubongo inapozwa kwanza maeneo ya puani. Halafu kuna mmea unaitwa welwitschia, majani mawili tu maisha yake yote, na unaweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Jamani, majani mawili!

Mbona mchanga mwekundu? (Kigamboni)
Kutu. Chembe zina madini ya chuma, ndo hivyo.

Kwetu Tanzania hamna kitu kama hicho? (Sinza)
Kipo kaka, ila kidogo na ni cheusi. Nenda Ngorongoro, karibu na Olduvai, uulizie mchanga unaohama. Ni majivu ya volkano ya Oldoinyo Lengai, yamejikusanya kilima chenye umbo la hilali, urefu wa kwenda juu kama mita 9, na upepo unakisukuma chote kizima kama mita 17 kwa mwaka. Chembe zake zina chuma ndo maana zinashikana hazisambai. Wamasai wanakiheshimu, kwahiyo ukifika usikipande, kiangalie kwa pembeni, utaona na vibao vya miaka vinavyoonyesha kilipokuwa zamani.