Mpango wa Saa Kumi, Miale ya Saa Tatu

Juzi niliamka nikakuta ujumbe wa kijana mmoja wa Eldoret anayesoma uzamivu huku Ulaya. Hatujawahi kuonana. "Bro, nimeangushiwa kazi. Nipange mjazo maalum wa muda wa saa kumi, na mkutano ni Jumatano. Naanzia wapi? Sitaki kuaibika mbele ya hawa watu."

Nilicheka peke yangu jikoni, halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Mjazo ni ile mara moja ya kuijaza miale kolaida, yaani mashine ya kugonganisha chembe, na kuitumia mpaka miale imwagwe. Na saa kumi! Mimi nami nilipewa saa kumi hizo hizo. Nikatoka na tatu, na katika hizo tatu karibu mbili zilikuwa takataka nilizozitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilimjibu kwa sauti ya dakika kumi na saba. Baadaye nikaona niiandike, maana najua wengi mnaopita hapa mnaitaka kazi hii hii: kuingia chumba cha udhibiti na watu wageuze shingo kwa sababu mpango wa usiku ule ni wako. Mimi pia nilitaka sana. Pengine nilitaka kupita kiasi.

Kolaida ilinishika Kigali mwaka 2016, kwenye Shule ya Fizikia ya Afrika. Nilifika kwa basi kutoka Mwanza, miguu imevimba, na mhadhara wa kwanza sikuambulia hata nusu. Miaka iliyofuata nairuka: viza, mitihani, baridi, kodi ya nyumba. Nikajikuta CERN, maabara ya fizikia ya chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, nikinywa kahawa juu ya kolaida yenyewe, ile pete ya kilomita 27 iliyolala kama mita 100 chini ya ardhi.

Ukiwa nje unadhani mashine ile inazunguka tu muda wote kama kinu cha kusaga. Sivyo. Unaijaza pete vifurushi vya protoni, ambavyo ndivyo miale yenyewe, unapandisha nishati, unaikaza miale, unaigonganisha, na baada ya saa kumi au kumi na tano unaimwaga yote na kuanza upya. Hata katika miaka mizuri, muda wa miale iliyotulia, yaani ule ambao data inafaa kwa fizikia, ni karibu nusu tu ya muda uliotengwa. Nusu! Na hiyo ni pale ambapo hakuna mkosi. Aprili 2016 kicheche aliingia kwenye transfoma, akasababisha shoti na kuizima mashine. Tarehe 17 Julai 2023 mti ulianguka kwenye njia ya umeme nchini Uswisi, sumaku zikapoteza ubaridi wake, heli ya kuzipoza ikavuja, na msimu wa protoni wa mwaka ule ukakatika. Mti mmoja tu. Watu waliokuwa wamepanga vipimo vya Agosti walibaki na jedwali zuri la rangi.

Basi na mimi nilikuwa na jedwali zuri la rangi.

Kazi yangu ilikuwa skani ya van der Meer. Mwanafizikia Simon van der Meer aliibuni mwaka 1968, na mpaka leo hatujapata mbadala wa kuishinda. Unaisogeza miale miwili kando kwa kando, hatua ndogo ndogo, kila hatua kama nusu dakika, huku ukihesabu migongano. Mchoro unapanda, unafika kileleni, unashuka. Umbo la kile kilima ndilo linalokuambia miale ina unene gani, na hapo unaijua luminositi, yaani wingi wa migongano ambayo miale inaweza kuzaa. Ni kama kupima mawe ya mizani kabla ya kufungua duka: ukikosea, kila kilo utakayouza mwaka mzima ni uongo. Wenzetu wa ATLAS, kimojawapo cha vigunduzi vikubwa vya pete ile, waliiteremsha shaka ya luminositi ya Awamu ya 2 ya uendeshaji mpaka asilimia 0.83, na nyuma ya namba hiyo ndogo kuna usiku mwingi wa watu wasiojulikana.

Sasa sikiliza kosa. Pete ina nafasi 3,564 za vifurushi, kila moja nanosekunde 25. Kwenye skani unajaza chache tu, na unauambia mfumo wa mchujo: rekodi nafasi hizi, nyingine achana nazo. Orodha ya nafasi hizo inategemea mpangilio wa ujazaji, na mpangilio huo ni wa watu wa mashine, si wako. Siku mbili kabla ya usiku wangu waliubadilisha. Wakatuma barua pepe. Niliisoma ndani ya tramu namba 18, nikafika mstari wa tatu, tramu ikasimama kituo cha mwisho, nikashuka. Sikurudi kuimalizia.

Usiku wenyewe ulianza vibaya. Mpango ulisema saa nne usiku. (Daftari langu naandika kwa saa za Kiswahili, hilo sijaliacha.) Mashine ndogo zinazoilisha pete zikagoma. Saa sita, bado. Saa nane, bado, na bisikuti zimekwisha. Saa tisa na dakika arobaini ndipo skrini ikaandika kwamba miale imetulia, nami nikaagiza tuanze kwa sauti ya nahodha.

Kwenye meza ya ubora wa data alikaa dada mmoja mwanafunzi, zamu yake ya tatu tangu azaliwe. Baada ya robo saa akageuka. "Samahani, mchoro huu hauna kilima. Uko bapa kama meza."

Nikamwambia, "Subiri, takwimu bado chache."

Akasubiri. Mimi nikaendelea kuitazama saa, nikipiga hesabu ya skani ngapi nitaziokoa. Saa kumi na moja na nusu akauliza tena, safari hii bila samahani: "Hii orodha ya nafasi ni ya lini?"

Nilifungua faili. Mstari wa juu kabisa ulikuwa na tarehe ya mwaka uliotangulia. Jasho lilinitoka mgongoni, na chumba kile kina kiyoyozi kikali. Kwa karibu saa mbili tulikuwa tunapiga picha viti vitupu huku wageni wamekaa safu ya nyuma. Tukarekebisha kwa dakika ishirini, tukapata kama saa moja safi, na saa moja kasoro dakika kumi asubuhi miale ikamwagwa kwa hitilafu isiyotuhusu.

Saa tatu asubuhi, kwenye mkutano, mkubwa mmoja akasema huku anatabasamu kwamba mpango wangu ulikuwa "na matumaini mengi". Wakacheka. Niliomba saa zaidi, nikanyimwa. Ripoti ya mwisho wa mwaka ilitupa sentensi moja: hitilafu ya maandalizi. Nimeikariri. Hakuna aliyeandika kwamba pete ilichelewa saa tano na dakika arobaini kabla mimi sijakosea chochote. Lakini haya, tuyaache.

Mpaka Julai 2025. Kolaida iligonganisha oksijeni kwa mara ya kwanza, kisha neoni, vyote ndani ya siku chache tu. Oksijeni ina tabia yake. Inapogongana huzaa viini vidogo, na vile vyenye uwiano ule ule wa chaji na uzito, kama heli, vinaendelea kuzunguka pamoja nayo. Mwale unachafuka kadiri saa zinavyokwenda. Kwa hiyo saa ya kwanza si sawa na ya sita, na ukipanga vipimo kwa mpangilio wa alfabeti ya majina ya wakubwa (nimeona ikifanyika), umekwisha. Safari hii niliandika mpango wa kikundi chetu kwa swali moja: tukipata saa moja tu, tunachukua nini? Halafu mbili. Halafu nne. Tulipata pungufu ya tulichoomba na hakuna aliyepiga kelele, maana kila mtu alishajua nani anakatwa. Yule yule wa matumaini mengi akaniandikia: kazi safi. Nimeipiga picha ya skrini. Ndiyo, ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo, kijana wa Eldoret, saa zako kumi zihesabu tano. Ukishazihesabu tano, panga kama una tatu. Andika kipi kinatoka kwanza, na andika ni nani mwenye amri ya kukitoa, kwa sababu saa kumi usiku kila kikundi kitakuambia chake hakiguswi. Wahenga walisema mipango si matumizi, na wao hawakuwahi hata kusubiri protoni.

Orodha zote zichukue upya siku ile ile. Si jana. Watu watakuambia fanya majaribio mchana bila miale, na ufanye kweli, lakini usiyategemee kwa hili: nilifanya, yakapita yote. Pasipo miale, orodha sahihi na orodha mbovu zinafanana, zote tupu. Pa kulinganisha ni pale vifurushi vinapoingizwa. Vihisi vya pete vinaviona nafasi kwa nafasi, na wakati nishati inapandishwa una dakika kama ishirini ambazo wengi huzitumia kwenda kuchukua kahawa. Wewe usiende. Kaa na orodha.

Na zile barua pepe za watu wa mashine zisome mpaka sahihi ya mwisho. Tunapenda sana kujifanya wenye shughuli nyingi, ndugu zangu. Tunatoka mbali, tunataka tuonekane tunajua, na mtu mdogo akituuliza swali tunamtuliza kama mtoto anayelia basini. Saa moja na nusu na ushee ya maisha ya kolaida iliteketea kwa sababu sikutaka kuulizwa na mtu wa zamu ya tatu. Usijitetee kwa uchovu. Wote mle ndani wamechoka.

Pete ilipangiwa kuzimwa katikati ya 2026 kwa matengenezo marefu, kwa hiyo mijazo iliyobaki iligombaniwa kama viti vya daladala ya jioni. Nami niliomba mmoja, wa muda wa saa sita. Mratibu safari hii alikuwa yule dada wa meza ya ubora wa data. Nilimpelekea mpango wangu Jumatatu, kurasa nne, nikijisikia. Jioni moja ukarudi na mstari mmoja mwekundu pembeni ya ukurasa wa pili: "Orodha hii ni ya lini?"

Ilikuwa ya Ijumaa. Nikaichukua upya.