Mikono Ileile, Wodi Tofauti: Kwa Wauguzi na Wakunga Mnaoripoti Vituo Vipya

Kila barua za ajira zinapotoka, vijana niliowasimamia walipokuwa wanafunzi wodini hunipigia simu kuniuliza wajiandae vipi kwa vituo walivyopangiwa. Wengi huuliza habari za nyumba, maji na usafiri, na hayo ni maswali ya haki. Wachache huuliza kama wataimudu kazi. Hao ndio ninaowaandikia, kwa sababu ndani ya swali lao mna dhana ambayo nami niliibeba kwa miaka mingi, kwamba ujuzi ni mali ya mtu, kwamba ukishaupata chuoni unauhamisha kama sanduku la nguo kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa na kuufungua ukiwa haujapungua kitu. Miaka 17 ya ukunga imenionyesha kuwa nusu tu ya ujuzi wangu hukaa mikononi mwangu. Nusu ya pili hukaa mahali ninapofanyia kazi: kwa wenzangu wa zamu, kwenye kabati la dawa, kwenye umbali uliopo kati ya kitanda cha mama na chumba cha upasuaji.

Nilianza katika zahanati moja ya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tulikuwa watumishi watatu: mganga mfawidhi, mimi na mhudumu mmoja. Hospitali yenye chumba cha upasuaji ilikuwa mbali kwa saa nne, boti kwanza kisha gari, na hiyo ni siku ambayo ziwa limetulia. Mfumo wa m-mama, ambao leo humwezesha mtumishi kupiga 115 bila malipo na kutafutiwa gari la dharura, ulikuwa bado haujaanza. Mazingira hayo yalinifundisha kupima muda kwa uzito ambao darasani sikuwahi kuuhisi. Mama aliyefika na shinikizo kubwa la damu, protini kwenye mkojo na maumivu makali ya kichwa sikumtazama kwa hali aliyokuwa nayo pale mbele yangu tu, bali kwa hali atakayokuwa nayo saa nne baadaye akiwa katikati ya maji. Kwa hiyo nilimpa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, na kuandika rufaa mapema, na kwa ujauzito mwingine wenye hatari nilitoa rufaa wiki kadhaa kabla ya siku za kujifungua. Baadhi ya wenzetu wa hospitalini walisema nina haraka. Walikuwa wakipima kwa saa ya ukutani mwao, mimi nikipima kwa boti, na kila mmoja wetu alikuwa sahihi mahali alipokuwa amesimama.

Baada ya miaka 6 nilihamishiwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Wiki ya pili, zamu ya usiku, mama mmoja alianza kutoka damu nyingi mara baada ya kondo la nyuma kutoka. Nilifanya yote niliyoyazoea: nikasugua tumbo la uzazi, nikaongeza oksitosini, dawa ya kulikaza tumbo hilo ili damu ikome, nikafungua mshipa na kuweka dripu, nikamwekea mpira wa mkojo, nikakagua kama amechanika. Niliyafanya kwa utaratibu na kwa kasi, lakini niliyafanya peke yangu na kimya, huku nyuma ya pazia kukiwa na mkunga mwingine, chumba cha pili kukiwa na daktari wa zamu, na maabara yenye damu ikiwa hatua chache kutoka pale. Sista wa zamu alipopita na kuona shuka, alipaza sauti, na muda mfupi baadaye kitanda kilikuwa kimezungukwa na watu wanne, kila mmoja na kazi yake. Mama alipona. Asubuhi, baada ya kukabidhi ripoti, sista aliniita kando akaniambia, "Mdogo wangu, mikono yako ni mizuri. Mbona hukuita?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilikuja kulipata baadaye, nilipokaa na kukumbuka kwamba kwa miaka 6 hakukuwa na mtu wa kuitwa usiku. Ukimya ambao zahanati ilinifundisha ulikuwa nguvu kule, kwa sababu mtu anayepiga kelele katika chumba kisicho na wa kusikia anapoteza pumzi na kumtisha mama. Katika hospitali ya mkoa ukimya huohuo ungeweza kumuua mama mbele ya damu ambayo tayari ilikuwa imehifadhiwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Tabia haikuwa imebadilika hata kidogo. Mahali ndipo palipobadilika, na mimi sikuwa nimegundua.

Nimeshuhudia na safari ya upande wa pili. Mwenzangu aliyelelewa katika hospitali kubwa alipelekwa kituo cha afya kijijini, na kwa miezi ya mwanzo alikuwa akisubiri: majibu ya maabara, agizo la daktari, mtu wa kuthibitisha alichokuwa akikiona kwa macho yake mwenyewe. Hakuwa mzembe. Alikuwa amefundishwa vizuri katika mahali ambapo kusubiri dakika kumi ni uangalifu, akaenda mahali ambapo dakika kumi huzaa saa.

Kwa hiyo, mnaporipoti, msiwe na haraka ya kuonyesha mnachokijua kabla hamjakifahamu kituo chenyewe. Ulizeni nani yupo usiku na anafikaje. Ulizeni oksitosini inahifadhiwa wapi, na msiridhike kuambiwa "kwenye friji", bali fungueni friji hilo na msome kipimajoto, kwa kuwa dawa hiyo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na umeme ukikatika mara kwa mara kichupa kinaweza kuonekana kizima huku nguvu yake imeshuka. Mkunga anayemchoma mama sindano iliyopoteza nguvu atadhani yeye ndiye aliyekosea, au mwili wa mama ndio uliogoma, ilhali kosa lilifanyika wiki tatu nyuma karibu na soketi ya ukutani.

Nifike kwenye mafunzo, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mtapelekwa semina. Mtakaa siku mbili au tatu mjini, mtafundishwa vizuri, mtapewa cheti na posho, na mtarudi mkiwa na nia njema kabisa. Nakumbuka niliporudi kutoka mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, nikiwa nimeshika vizuri somo la dakika moja ya dhahabu, yaani kwamba mtoto asiyelia baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo awe ameanza kupuliziwa hewa kabla ya sekunde 60 kupita. Katika kituo nilichokuwapo wakati ule, ambu begi, ule mfuko wa kubonyeza wa kumpulizia mtoto hewa, ilikuwa imefungiwa kabatini ili isipotee, na ufunguo alikuwa nao mkuu wa wodi, ambaye saa tisa na nusu alasiri alikwenda nyumbani. Cheti changu kilikuwa halali. Dakika ya dhahabu, kuanzia jioni hadi asubuhi, haikuwapo.

Haydom, mkoani Manyara, jambo hili lilipimwa kwa makini. Mwaka 2010 watumishi wa hospitali ile walipewa mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, yaani ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Walipojaribiwa kwa mdoli miezi 7 baadaye, waliofaulu zoezi la kumsaidia mtoto kupumua walikuwa asilimia 74, wakati kabla ya mafunzo walikuwa 18. Mtu yeyote angesema mafunzo yamefaulu. Lakini hospitali hiyo ilikuwa na waangalizi waliorekodi kinachofanyika kila mama anapojifungua, na rekodi zao hazikuonyesha mabadiliko ya maana katika namna watoto halisi walivyohudumiwa. Ujuzi ulikuwa umefika kwenye mdoli, haujafika kitandani. Mwaka 2011 wakabadilisha namna: badala ya kutegemea siku moja ndefu, mazoezi ya dakika 3 hadi 5 yakawa yanafanyika kila wiki palepale kazini, pamoja na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Wafanyakazi waliendelea kuwa wa hospitali ileile na somo lilikuwa lilelile. Zoezi ndilo lililohamia chumba ambamo watoto wanazaliwa, likarudiwa hadi mwili ukalizoea.

Sisemi mzikatae semina. Nendeni, mjifunze, na siku ya kurudi, kabla ya kukabidhi ripoti ya safari, ingieni wodini mtafute kitu kimoja kitakachozuia mlichojifunza kisifanyike, kisha mkiondoe. Kwangu kilikuwa ufunguo. Nilimwomba mkuu wa wodi, kwa heshima na faraghani, ufunguo wa pili utundikwe chini ya kaunta ya wauguzi, naye akakubali siku ileile; hakuna aliyewahi kumwomba. Wale mtakaopangiwa hospitali zinazofuata utaratibu wa 5S, yaani wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, ambao Wizara ya Afya iliuanzia katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007, msiuchukulie kama usafi wa kuwapendeza wakaguzi. Trei ya dharura yenye alama ya mahali pa kila kifaa humsaidia mkono kufika hata akili inapokuwa imetishika.

Neno juu ya partografu, ile chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu wa mama, kwa kuwa mtakutana nayo wiki ya kwanza. Mtaona baadhi ya wenzenu wakiijaza mama akiwa ameshajifungua, vidoti vyote vikipangwa kwa kalamu moja na kwa mkupuo mmoja. Chuoni mlifundishwa kuwa huo ni uzembe, na ni kosa kweli, kwa sababu karatasi hiyo imewekwa ili ionye kabla, si ieleze baadaye. Lakini kabla ya kumhukumu mwenzenu, tazameni nani huisoma. Nimefanya kazi katika wodi ambayo daktari, kabla ya kuamua chochote, alikuwa akinyoosha mkono na kusema, "Nipe partografu," na huko karatasi zilijazwa kwa wakati bila mtu kugombezwa. Nimefanya kazi na mahali ambapo ilisomwa na wakaguzi peke yao mwisho wa mwezi, na ikawa inajazwa kwa ajili ya wakaguzi. Mkitaka wenzenu waijaze, anzeni ninyi kuitumia: mkabidhi zamu mkiwa mmeishika mkononi, muulizane juu yake kitandani kwa mama, ndipo muende kujaza kitabu cha MTUHA namba 12, yaani rejista ya akina mama wanaojifungua.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nalo ni lugha yetu kwa akina mama. Malalamiko ya wananchi mnayajua, na mengi yana ukweli. Hakuna mwanafunzi niliyemwona akiingia leba, chumba cha kujifungulia, siku ya kwanza akiwa mkali. Nimewaona wakiwa wapole, wanaoshika mkono wa mama na kumfuta jasho, na baada ya miezi mitatu nikasikia kinywani mwao sentensi zilezile za kukaripia zinazosemwa na waliowatangulia, kwa sauti ileile. Ukali hurithiwa wodini kama kilivyo kiti cha zamu. Muuguzi mmoja mwenye akina mama tisa usiku, asiyekula tangu mchana, anakuwa hana subira, na sauti ya juu humrahisishia kazi kwa dakika chache. Najua kwa kuwa nimewahi kuipaza, na mama niliyemkaripia alitulia kwa hofu, nami nikadhani nimemsaidia. Uchovu unaeleza jambo hilo, haulihalalishi. Mkoani Kigoma, kuanzia mwaka 2016, baadhi ya vituo vya serikali viliruhusu mama awe na msindikizaji pembeni yake wakati wa kujifungua, na watumishi wengi walisema kazi yao ilikuwa nyepesi zaidi, kwa sababu palikuwa na mtu wa kumpa mama maji, kumkanda mgongo na kuita mkunga hali inapobadilika. Kama kituo chenu kina pazia tu la kutenganisha vitanda, pazia hilo latosha kuanzia.

Hospitalini petu mtumishi mgeni hapewi wodi siku ya kwanza. Zamu yake ya kwanza ya usiku, leba ikiwa imetulia, namchukua hadi chumba kisicho na mama, namwonyesha mdoli aliyelazwa mezani, kisha nazima taa, kwa sababu umeme hukatika, na kumwomba aifikie ambu begi, barakoa ya saizi ya mtoto mchanga na kifyonza ute kwa kupapasa. Usiku wa kwanza wengi hugonga trei na kuangusha mikasi. Tunaokota, tunapanga upya, tunazima tena. Kufikia wiki ya tatu kifua cha mdoli huwa kinapanda kabla sijafika 30 katika kuhesabu, na ndipo ninapomkabidhi mgeni huyo ufunguo wake.