Tabaka la mtoto linapimwaje? Maswali matano kutoka kwa watafiti wa afya

Nikiwauliza watoto wa miaka 11 kipato cha wazazi wao, nitapata majibu ya kuaminika?

Hapana. Wengi hawakijui, na wanaokisia hukosea. Waulize vitu wanavyoviona nyumbani. Utafiti wa HBSC, wa kimataifa kuhusu afya na tabia za wanafunzi, unaofanywa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani kwa wanafunzi wa miaka 11, 13 na 15, una maswali sita: magari ya familia (alama 0–2), chumba cha kulala cha peke yake (0–1), kompyuta (0–3), mabafu (0–3), mashine ya kuoshea vyombo (0–1) na safari za likizo nje ya nchi (0–3). Jumla ni 0 hadi 13.

Na kazi ya mzazi?

Inafaa, mradi uiulize vizuri. "Baba anafanya kazi gani?" huleta jibu kama "yuko ofisini", na ofisini humo yumo mkurugenzi, yumo na mfagizi. Ligawe swali: anafanya kazi wapi, na akiwa huko anafanya nini hasa. Mama naye aulizwe kivyake. Kisha watu wawili wayapange majibu kwa ISCO-08, orodha ya kimataifa ya kuainisha kazi, bila kutazamiana. Wakitofautiana, aamue wa tatu.

Walioacha swali la kazi wazi niwafute?

Usithubutu! Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Wasiojibu si watoto wa kila aina kwa uwiano sawa: mara nyingi ni wa familia zenye uwezo mdogo, au wasioishi na mzazi anayeulizwa. Ukiwafuta umepunguza watu wa upande wa chini, na tofauti ya afya kati ya matabaka inaweza kuonekana ndogo kuliko ilivyo. Tangu kwenye dodoso weka visanduku vya "hana kazi", "sijui" na "simwoni mzazi huyu", maana nafasi tupu haikuambii ni kipi kati ya hivyo. Kabla ya uchambuzi linganisha afya ya waliojibu na wasiojibu, na hao wa pili waonekane kwenye jedwali kama kundi lao.

Alama 7 katika yale maswali sita ina maana ileile kila nchi?

La. Penye kompyuta kila nyumba, swali la kompyuta halitenganishi tena mtu na mtu. Geuza alama kuwa nafasi ndani ya nchi husika: chukua sehemu ya watoto walio chini ya alama hiyo, ongeza nusu ya walioipata. Asilimia 20 wakiwa chini ya 7 na asilimia 10 wakiwa na 7, nafasi ni 0.25. Baada ya hapo unaweza kukata makundi: asilimia 20 ya chini, 60 ya kati, 20 ya juu.

Mchoro wa ngazi yenye vidato 10, ambao mtoto huonyesha familia yake iko kidato gani, unatosha peke yake?

Hautoshi. Unapima jinsi mtoto anavyoiona familia yake, si mali waliyonayo. Na ukichunguza huzuni au msongo, kuna mtego: mtoto mwenye huzuni anaweza kujishusha kidato, ukashindwa kujua kipi kimeanza.