Mapovu kwenye mtumbwi wa fito: tatizo ni saa uliyopaka

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Tanga, huku Raskazone. Nimeunda mtumbwi wa fito nyumbani, yaani wa vipande vyembamba vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi, urefu meta 5, kwa mbao za saipresi nilizonunua Lushoto. Fito za milimita 6 zilikaa vizuri juu ya kalibu, zile fremu zinazoupa mtumbwi umbo, nikapiga randa na msasa mpaka mwili ukalainika. Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, nikatandika kitambaa cha faiba (nyuzi za kioo) cha gramu 200 kwa meta ya mraba na kupaka epoksi, ile resini ya kuchanganya na hadina ili ikaze, chini ya kibanda changu cha mabati. Ilipofika saa tano mapovu yakaanza kuota chini ya kitambaa. Kesho yake uso mzima ulikuwa unateleza kama umepakwa mafuta, na upande wa omo, yaani mbele, mpaka leo unanata. Nilizidisha hadina kidogo ili ikaze upesi. Je, nimeuziwa epoksi feki? Na kwa kuwa hela imekata, ndani naweza kupaka vanishi tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Muuza duka mwache kwanza. Hayo uliyoyataja ni matatizo matatu tofauti, na kila moja lina chanzo chake.

Tuanze na mapovu. Ubao umejaa vijitundu ambavyo mti ulitumia kupitishia maji, na ukishakauka vinabaki na hewa. Ubao ukipata joto, ile hewa inatanuka na kutafuta pa kutokea. Wewe ulipaka saa mbili, ubao ukiwa bado na ubaridi wa usiku. Kufika saa tano bati limeshika moto, ubao nao unapanda joto, na epoksi haijakaza. Hewa ikasukuma kutoka ndani, ikainua kitambaa. Hata ungekuwa na epoksi ghali kuliko zote mjini, ingefanya vivyo hivyo.

Dawa yake ni kupaka joto linaposhuka. Uache mwili wa mtumbwi ushike joto la mchana, kisha uanze kazi alasiri, kama saa kumi, pale bati linapoanza kupoa. Hapo hewa iliyo ndani ya ubao inasinyaa, na badala ya kusukuma inaivuta epoksi iingie kwenye vijitundu. Mimi huweka kipimajoto cha ukutani juu ya fito zenyewe. Sianzi mpaka nione kimeshuka nyuzi mbili tatu. Ukitaka uhakika zaidi, paka kwanza epoksi tupu, nyembamba, bila kitambaa. Ikikauka iguse kwa msasa, kisha siku ya pili ndipo utandike faiba. Ni kazi ya ziada, ila kwa saipresi nakushauri uifanye.

Maelekezo mengi ya mitumbwi hii yametoka Kanada na Marekani, ambako ufundi wenyewe ulianzia. Wenzetu wanaundia kwenye gereji zenye baridi, kwa hiyo hangaiko lao kubwa ni kupasha moto chumba. Hangaiko letu sisi wa pwani ni kinyume chake. Epoksi, kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, hukaza kwa kasi karibu maradufu. Basi nunua hadina ya polepole, ile ya nchi za joto, changanya kidogo kidogo, na ukishachanganya imwage mara moja kwenye sinia bapa. Ikibaki kwenye kopo refu inajichemsha yenyewe mpaka inatoa moshi.

Ule utelezi wa kesho yake unatokana na unyevu. Hadina nyingi zinapokaza huitikia maji na hewa ya ukaa iliyomo hewani, zikaacha utando kama nta. Tanga hewa ina maji mengi, na wakati wa masika ni zaidi. Utando huo unatoka kwa maji safi na dodoki gumu: sugua, suuza, futa kwa kitambaa kikavu kabla maji hayajakaukia hapo. Usitumie thina, inausambaza tu. Na usianze kupiga msasa kabla ya kuosha, maana utaukandamiza ndani, na koti linalofuata halitashika. Litabanduka kwa maganda miezi michache baadaye, nawe utamlaumu tena muuza duka. Kazi kama hii mimi huipanga kipupwe.

Sasa huko omo kunakonata. Kuzidisha hadina ni tabia tuliyoitoa kwenye resini ya mafundi wa bodi za magari, ile poliesta, ambayo ukiongeza matone inakaza haraka. Epoksi haiko hivyo. Kila chembe ya resini inashikana na chembe yake ya hadina; ukizidisha upande mmoja, ziada inakosa wa kushikana naye na inabaki mbichi humo humo. Kwa hiyo fuata kipimo cha kopo, na uangalie kama ni kipimo cha ujazo au cha uzito, kwani viwili hivyo havilingani. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha. Na kabla hujashawishika: poliesta yenyewe usiilete kwenye mtumbwi huu hata kama ni rahisi, haishiki ubao vizuri.

Kurekebisha ulichonacho. Bonyeza kwa ukucha pale omo. Kama ukucha unaacha alama baada ya siku zote hizi, usitegemee kwamba itakauka. Kwangua yote pamoja na kitambaa chake mpaka ubaoni. Mashine ya hewa ya moto inasaidia, kwa kuwa epoksi hulainika kwa joto. Kwingine angalia kwa karibu, taa ukiiweka pembeni. Vishimo vidogo vidogo vya mviringo vijaze epoksi iliyochanganywa na unga laini wa saipresi. Mahali ambapo nyuzi za kitambaa zinaonekana nyeupe na pakigongwa panatoa sauti ya uwazi, kitambaa hakijashika: kata kipande hicho, punguza kingo kwa msasa mpaka ziishe taratibu, weka kiraka kinachopita kingo kwa sentimita 5 kila upande. Vaa barakoa na glavu. Kuna watu ambao ngozi yao ikishaikataa epoksi hawaishiki tena maisha.

Kuhusu ndani, hapana. Na hapa usinibembeleze. Fundi wa jahazi ana mbao nene, ana mataruma (mbavu za chombo), ana kalafati ya kuziba nyufa; hizo milimita 6 zako akiziona atacheka, na ana haki. Nguvu ya mtumbwi wa fito haiko kwenye ubao. Iko kwenye ngozi mbili za faiba, moja nje moja ndani, na ubao umekaa katikati kuzitenganisha. Ukigonga jiwe, ngozi ya nje inabanwa na ya ndani inavutwa. Fito zako zimelala kwa urefu, zina nguvu kwa urefu, lakini kwa upana zinapasuka kirahisi kwenye mstari wa gundi. Bila faiba ya ndani hakuna kinachozishika pale, zinafunguka. Vanishi haisaidii lolote hapo.

Mbao ulichagua vizuri. Mwili wa meta 5 una eneo la kama meta 6 za mraba, ambazo kwa unene wa milimita 6 ni lita 36 za ubao: kwa saipresi ni kama kilo 16, kwa mvule zingefika 23 kabla hujaweka hata tone la epoksi.

Kwa hiyo subiri hela. Wakati unasubiri, uache mtumbwi juu ya kalibu zake, ufunike usipigwe jua, kwa kuwa mwili wenye faiba upande mmoja ukitolewa mapema unaweza kujipinda. Siku ya kupaka ndani, epoksi itakimbilia chini kwenye tumbo. Ikusanye kwa kipande cha plastiki na kuitoa, usiiache itengeneze kidimbwi, ni uzito wa bure. Vanishi yenye kinga ya jua inakuja mwisho kabisa, nje na ndani, makoti matatu hivi, maana epoksi peke yake juani haidumu.

Na mtumbwi huo hauna ndubi, yale maboya ya mbao ya pembeni kama ya ngalawa, usiutoe nje ya ghuba wakati wa kusi. Maji ya mikokoni yanautosha.