Kumpeleka mbwa mlimani: maji, nyayo na kamba

Mkuu, umeuliza kama mbwa wako wa kilo 20, aliyezoea kutembea mtaani tu, ataiweza njia ya mlimani ya saa 5. Kwa sasa hapana. Anza na saa moja na nusu, uongeze taratibu kila wiki. Pumzi huwahi kuzoea. Ngozi ya nyayo ndiyo huchelewa kukomaa, na changarawe kali huichubua mbwa akiwa bado ana hamu ya kwenda. Kila mkisimama, mnyanyue mguu, panua vidole, tazama katikati: vijiwe, miiba, kupe. Akianza kuchechemea, geuzeni.

Akiwa nyumbani anahitaji maji lita moja hivi kwa siku. Mlimani beba mbili, umpe kidogo kidogo. Maji yaliyotuama asiguse.

Mwamba ukipigwa jua, weka mgongo wa kiganja juu yake sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, naye hawezi. Akihema bila kutulia hata kivulini, ute mzito ukamtoka na akayumba, joto limemzidi: mmwagie maji mwili mzima papo hapo, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Kamba iwe ya mita 2, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Zile za kujikunja zenyewe achana nazo, zinanasa kwenye mawe. Ng'ombe wenye ndama wapitieni mbali. Wakiwajia mbio, achia kamba: wanamtaka yeye, naye ana mbio kuliko wewe.

Halafu uliza mapema kama njia yenyewe inaruhusu mbwa. Hifadhi nyingi haziruhusu.