Boti ya futi 22 ukiwa peke yako: winchi zisubiri

Mkuu, umeuliza kwa boti yako ya tanga ununue winchi mpya mbili (mashine za kuvutia kamba) au ulete kamba zote hadi pale unapokaa, mi nasema kamba kwanza. Kwa boti ya futi 22 shida sio nguvu, shida ni mikono miwili, ukiachia kana (mkono wa usukani) ukimbilie mlingotini boti inageukia upepo, tanga linapigapiga mpaka unachanganyikiwa. Kwa hiyo tafuta kwanza cha kushikilia kana, hata kamba na mpira inatosha kwa kuanzia.

Halafu jarari (kamba ya kupandishia tanga) na kamba za kupunguzia tanga upepo ukizidi zilete ZOTE, maana ukileta jarari tu na ile ndoano ya kushikia tanga lililopunguzwa ikabaki mlingotini bado utaenda mbele, sasa umefanya nini? Kila kamba inapopinda msuguano unaongezeka, weka kapi za beringi.

Kutoboa sitaha ili kufunga kapi hizo ndio penye balaa. Kama ndani yake kuna mbao usipige bolti moja kwa moja, toboa tundu kubwa kuliko bolti, ziba chini na tepu, jaza epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) ili maji yasifike kwenye mbao, ikishakauka ndo utoboe tena katikati yake kwa saizi ya bolti. Mi nilivivia tundu moja tu, baadaye nikikanyaga pale panabonyea kama godoro. Na chini ya sitaha, kwenye nati, weka bamba pana, sio washa ndogo.

Vibanio vya kamba usivifunge kwa kukadiria, kaa kama unaendesha, mkono mmoja kwenye kana, wa pili unapofika piga alama ya penseli.