Shingo za maganda ya .308 zinapiga kelele: mafuta au unga mkavu?

Kaka nimekuelewa, unajaza upya maganda ya risasi za .308, na ukivuta ganda kutoka kwenye dai (kile kifaa cha kurudisha ganda kwenye umbo lake), kile kigololi cha kupanua shingo kinalia halafu ganda linarefuka, na unauliza kama upake mafuta ndani. Usipake bwana, mafuta yakibaki mle yanaharibu baruti, risasi inaweza isilipuke vizuri. Tumia unga mkavu wa grafiti au wa maika (madini yanayong'aa). Kwanza toa masizi, kisha chovya brashi ndogo ya nailoni kwenye unga, ikung'ute, izungushe mara moja ndani ya shingo basi, unaona rangi ya kijivu kidogo tu, chovyo moja linatosha maganda kadhaa. Grafiti inachafua vidole vibaya, ndo maana mi napenda maika. Ila mwili wa ganda bado unataka nta yake ya kawaida kwa nje, ukiuacha mkavu litanasa kwenye dai na kulitoa ni kazi kwelikweli, na nta ikizidi begani, pale ganda linapoanza kubana kuelekea shingoni, inabonyeza ganda. Baadae pima urefu, .308 isizidi milimita 51.18, ikizidi kata. Shingo ikiwa na ufa tupa ganda. Kelele zikiendelea, kigololi kinaweza kuwa kimekwaruzika, mpelekee fundi bunduki mwenye leseni akiangalie.